Magunia Nyuma ya Nyumba ya Haboba

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili nilipewa kwenye semina ya siku moja ya kikundi chetu cha akina mama, pale ukumbi wa kanisa. Tuliambiwa tuandike kila tunachokusanya. Mimi nitaandika na mengine, maana mume wangu Ambrose akirudi kutoka mjengo, kazi yake ya ujenzi, huwa amechoka hata kusikiliza, na mtoto wetu Mitchelle yuko shule Bungoma, likizo atakaa kwa kukhu, nyanya yake, huko huko.

Kazi niliyopewa ni kupokea plastiki za watu wa upande wetu wa Laini Saba, kuanzia reli hadi mtaro. Ni nyumba sitini na mbili. Nimezipitia zote kwa siku tatu, mlango kwa mlango, nikiwaambia wasitupe tena kitu njiani wala mtaroni. Waoshe, wakaushe, walete Jumatano na Jumamosi. Nzembi, anayepika chapati na maharagwe mbele ya ploti yetu, aliniuliza ni plastiki gani hasa. Nikamwambia ni zote. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Leo mzee Ogola amenisalimia, "Sasa, mwalimu." Mimi niliyeachia darasa la saba. Nilitembea hadi nyumbani nikijizuia kucheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mahali pa kuweka mzigo. Ni uwanja mdogo nyuma ya nyumba ya Haboba Fatna. Jina lake ni Fatna, lakini hata sisi tusio Wanubi tunamwita Haboba, yaani nyanya, kama anavyomwita mjukuu wake Sumaya anayeishi naye. Alizaliwa hapa hapa Kibera, na vyumba viwili tunavyokaa mimi na Ambrose ni vyake. Sikuzote namwogopa kidogo. Hacheki ovyo, na anamwangalia mtu usoni mpaka huyo mtu amalize kusema.

Alikuwa amefunga, kwa hivyo sikutaka kumchosha. Akanionyesha uwanja, akagonga ukuta wa mabati kwa fimbo anayotembelea tangu nyonga imsumbue. Akasema, "Hapa ndani weka. Ng'ambo ya ukuta, upande wa mtaro, usiweke hata kijiko. Maji ya hapa nayajua mimi."

Nikamwahidi.

Jumamosi, 8 Machi

Magunia saba. Njiani kutoka relini hadi kwetu sasa udongo unaonekana.

Jumanne, 11 Machi

Wingu jeusi upande wa Ngong. Halikunyesha.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilipeleka mzigo wa kwanza Kawangware. Sifuna, kijana wa kubeba mizigo, alisukuma mkokoteni wake, mimi nikafuata nyuma nikishikilia magunia yasianguke. Mnunuzi anaitwa Osewe. Ana yadi kule Gatina, nyuma ya ghorofa za kupangisha, na mashine ya kusaga plastiki inayopiga kelele mpaka meno yanauma. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, miwani yake imefungwa kwa selotepu.

Hakunisalimia vizuri. Alimwaga gunia la kwanza chini, akachuchumaa, akaanza kurusha. Mitungi, chupa za sabuni ya maji, ndoo na beseni zilizovunjika, huku. Chupa za soda na maji ya kunywa, kule, kwa sababu hizo zina mnunuzi wake anayekuja kuzichukua hapo hapo. Pakiti laini za maziwa zilizooshwa, pale. Vyote vilivyobaki alivisukuma kwa mguu. Hilo fungu la nne lilikuwa kubwa kuliko yale matatu yakiwekwa pamoja.

Nikauliza hizo je.

"Hizo hapana, mathe," akasema. Akachukua pakiti ya crisps akaipasua. "Hii ndani inang'aa kama bati. Imegandishwa vitu viwili, siwezi kuvitenganisha." Akachukua kikombe cha yogati akakikamua, kikapasuka kama ganda la yai. "Ikipasuka hivi, si yangu. Ikikunjika ikawa nyeupe pale kwenye mkunjo, hiyo nitachukua." Halafu akashika kipande cha bomba la maji na sahani nyeupe ya povu ya kubebea chips, akaviweka kando kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. Alisema kipande kimoja cha bomba kikipita kwenye mashine bila kuonekana, mzigo wote unarudishwa na anayemuuzia.

Wafanyakazi wake walikuwa wanatazama. Nilihisi anajionyesha kwa ajili yao.

"Nani alikwambia zote zinachukuliwa?"

Nikasema ni mwalimu wa semina.

Tulirudi na magunia matano kati ya manane. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitayashusha wapi mbele ya watu. Vijana wa takataka hawafiki upande wetu tangu daraja dogo livunjike. Bahati saa hiyo watu walikuwa makazini. Sifuna akaniuliza pa kuweka. Ndani ya uwanja Haboba angeyaona yamerudi. Nikamwambia ng'ambo ya ukuta, kwa muda tu. Nikafunika na turubai la zamani la Ambrose.

Ni kwa muda tu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilipanga kuwaambia leo. Niliamka nimeshayapanga maneno.

Wa kwanza kuja akawa mzee Ogola, na sahani za povu kama arobaini. Anafagia kwenye hoteli moja Ngong Road, na amekuwa akiziokota huko tangu niliposema. Alikuwa ameziosha moja moja, akazifunga kwa kamba. Anaishi peke yake. Nilimwona anaangalia mikono yangu jinsi nitakavyozipokea.

Nikazipokea. Nikamwambia asante sana.

Baada ya hapo singeweza kumwambia wa pili tofauti na nilivyomwambia wa kwanza.

Jumatano, 19 Machi

Tisa, ng'ambo ya ukuta.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza, asubuhi, robo saa hivi. Watu walitoa ndoo nje wakifurahi. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba ya Haboba nikijifanya naangalia uwanja. Mtaro umepata maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Kutoka kwenye maji hadi gunia la kwanza ni kama hatua tatu. Nilizihesabu mara mbili.

Alhamisi, 27 Machi

Makaa ya Nzembi yalinyeshewa, akawa hawezi kuwasha jiko. Akaniuliza kama nina plastiki za kuwashia, hata chache. Nilimpa gunia zima la pakiti na vikombe. Alishangaa. Nikamwambia nina nyingi, kesho aje achukue jingine.

Nilipomwona analibeba niliona kama nimeponywa. Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Gunia moja kwa siku tatu, kufikia mwisho wa Aprili yote yangekuwa yameisha na hakuna ambaye angejua.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Haboba alituma Sumaya atuite, mimi na Ambrose. Sumaya anafanya kazi kwenye duka la dawa, na harusi yake ni Juni. Tulikula pilau, kisha Haboba akasema nimfuate chumbani anionyeshe kitu.

Alifungua sanduku la chini ya kitanda. Zilikuwa tabaga, zile kawa za duara wanazosuka Wanubi za kufunikia chakula, nyekundu, kijani, zambarau, kila moja na mchoro wake. Ishirini na mbili. Amekuwa akizisuka tangu Sumaya achumbiwe, karibu mwaka mzima, na macho yenyewe sasa hayaoni vizuri jioni. Ndizo atakazopeleka bibi harusi kwa mume. Alinipa moja nishike. Alinikazia macho kwa namna yake, akasema watu walimwambia uwanja wake utajaa takataka, na yeye akawajibu kwamba Mama Mitchelle ni mtu wa neno lake.

Nilimrudishia tabaga yake bila kumwangalia. Ambrose aliniuliza njiani kama ninaumwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Nzembi hakufungua kibanda jana. Leo nimesikia alianguka akiwa anapika, wakampeleka kliniki.

Nilimkuta amekaa kitandani, kifua kinapiga filimbi, macho mekundu. Daktari alimwuliza anachoma nini kwenye jiko. Akamwambia anawashia plastiki. Daktari akamwambia asithubutu tena, na asiruhusu mtu kuchoma karibu naye.

Nilikaa pale na mikono yangu miwili katikati ya magoti. Nzembi alisema, kwa sauti ndogo ya kukwaruza, "Sikusema nilizitoa kwako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeharibiwa jina. Wewe unatufanyia kazi nzuri."

Jana tu ningesema Nzembi ni mwanamke wa umbea. Hivyo ndivyo nimekuwa nikimwona miaka minne.

Nimerudisha nusu gunia iliyokuwa imebaki kwake. Nimeiweka ng'ambo ya ukuta pamoja na mengine.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku ya tatu mfululizo. Ambrose hajaenda mjengo. Mwanaume akikaa nyumbani siku tatu, anaanza kuona vitu.

Aliniuliza ni nini kile kimesimama nyuma ya ukuta kama nyumba nyingine. Nikasema ni stoki. Akaenda mwenyewe, akarudi na viatu vimejaa matope. Akasema stoki ya nini, mbona ni pakiti za crisps? Nikamwambia bei inasubiriwa. Akasema kama inasubiriwa isubiriwe mahali pengine, maana udongo pale umeshaanza kulainika, yeye ni fundi, anajua. Alitaka twende tuyaondoe saa hiyo hiyo. Nikamwambia watu watatuona. Akanitazama.

"Na wakituona?"

Nikamwambia hajui kitu, kazi yake ni kuja kulala na kuondoka. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Alivaa koti akatoka kwenye mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepokea. Kumi na sita.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepokea. Kumi na nane. Nikisikia mvua kwenye mabati natoka kuangalia mtaro.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kanisani mchungaji alisoma habari za yule aliyekana mara tatu, na mimi nikawa natazama viatu.

Hapa kwenye daftari angalau niseme. Mwalimu wa semina hakusema zote. Nimejaribu kukumbuka vizuri na nakumbuka vizuri. Alisimama mbele ya ubao, akasema, kabla hujamwambia jirani chochote, nenda kwa mnunuzi wa karibu nawe umuulize anachukua nini, kwa sababu mtaa mmoja si kama mwingine. Nilimsikia. Nilikuwa na haraka ya kurudi kuwaambia watu. Nilitaka niwe wa kwanza kujua kitu.

Osewe hakuwa anajionyesha. Alikuwa ananifundisha, nami nikamchukia kwa sababu alifanya hivyo mbele ya watu.

Jumatatu nitaanza kuyaondoa magunia, moja moja.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua kutwa. Njia haipitiki hata kwa mguu.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua. Nilimtafuta Sifuna, amepata kazi ya kuhamisha watu Kawangware mpaka Jumapili. Nikasema Jumatatu basi.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nitaandika yote.

Mvua ilianza saa sita mchana. Haikuwa kama zile nyingine. Ilikuja kama inamwagwa kutoka kwenye pipa. Nilikuwa barazani naosha mitungi. Saa tisa hivi nikasikia watoto wa ploti wanasema maji yanarudi nyuma. Nilidhani wanacheza. Nikatazama. Yalikuwa yanarudi kweli. Badala ya kwenda kwenye kalavati linalopita chini ya reli, maji ya mtaro yalikuwa yanapanda kuja kwetu, meusi, yamebeba povu.

Nilikimbia nikazunguka ukuta. Turubai halikuwepo. Magunia hayakuwepo. Mahali yalipokuwa, udongo ulikuwa umekatika kama mkate.

Haboba alikuwa peke yake ndani. Sumaya alikuwa kazini. Niligonga, nikaita, nikasukuma mlango, maji yalikuwa yanausukuma kutoka upande wa pili. Ambrose alitokea nyuma yangu, mvua ilikuwa imewafukuza mjengo. Hakuniuliza kitu. Alichukua nondo akang'oa bawaba, mlango ukaanguka, na maji yakatupita magotini.

Haboba alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya maji. Sanduku alilivuta mwenyewe kutoka chini ya kitanda na hiyo nyonga yake, akashindwa kuliinua. Alikuwa amepakata tabaga nne alizowahi kuzitoa.

"Chukua tabaga kwanza, mwanangu," akaniambia. "Mimi nitangoja."

Nikamwambia hapana. Nilimgeuzia mgongo, Ambrose akamweka, nikatoka naye. Ni mwepesi kuliko nilivyofikiri. Nilimhisi akitetemeka mgongoni na alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini. Nilimpeleka kwetu, chumba chetu kiko juu kidogo, nikamvua nguo za maji nikamfunika. Niliporudi kwa ajili ya sanduku lilikuwa limefunguka. Tabaga zilikuwa zinaelea chumba kizima, rangi zinachujika, nyekundu inaingia kwenye kijani. Nilizikusanya nilizoweza. Zilikuwa zinanuka mtaro.

Nje, Ambrose na wanaume wengine walikuwa kwenye mdomo wa kalavati na nondo na kamba. Wanawake pia walikuja. Nzembi alikuja na kifua chake hicho. Wote walijua kuna kitu kimeziba, hawakujua ni nini. Nilisimama pale nikijua.

Gunia la kwanza lilitoka likiwa zima. La pili lilipasuka mikononi mwao. Vitu vikamwagika juu ya matope, pakiti, vikombe, vifuniko, na lile fungu la sahani nyeupe bado limefungwa kwa kamba. Mzee Ogola aliinama akaliokota. Akaligeuza.

"Hizi si nilikuletea mimi?"

Watu wakaacha kuvuta.

Nikasema, "Ni mimi niliyaweka. Mnunuzi alizikataa tangu Machi. Niliwaambia zote zinachukuliwa na sikuwa najua. Nilipojua, nikanyamaza."

Niliyasema hayo tu. Hayakuwa hata yale maneno niliyoyapanga.

Hakuna aliyenitukana. Nilitamani mtu anitukane. Mzee Ogola aliweka sahani zake chini polepole, akashika kamba, wakaendelea kuvuta. Nikaingia mtaroni nikavuta nao. Yalitoka kumi na tisa. Lilipotoka la mwisho maji yalinguruma yakaondoka, mara moja hivi, kama hayakuwa na ugomvi na mtu.

Jumapili, 27 Aprili

Sumaya amemhamisha Haboba kwa shangazi yake kule Makina mpaka nyumba ikauke. Nilienda kumsaidia kubeba godoro. Alikuwa amevaa glavu za dukani kwao, anatoa matope. Nilianza kumwomba radhi, akanisimamisha kwa mkono.

"Alikuwa anakutetea kwa watu," akasema. "Mimi sina la kukwambia, Mama Mitchelle. Niache tu nifanye kazi."

Nilibaki mlangoni kidogo, halafu nikaenda.

Jumatatu, 28 Aprili

Ambrose na Sifuna wamebeba magunia yote kumi na tisa hadi barabarani ambako lori la kaunti linapita. Safari saba. Sikumwomba. Nilipotaka kumshukuru alisema nimtafutie soksi kavu.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimwambia Ambrose kwamba nataka kupita nyumba zote tena, sitini na mbili, niseme ukweli nikiwa kwenye mlango wa kila mtu. Na kwamba siwezi.

Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Nitakuja na wewe mpaka nyumba ya tano," akasema. "Hapo utakuwa umezoea."

Tunaanza Jumapili.

Jumapili, 4 Mei

Alikuja mpaka ya kumi na moja.

Wengine walinisikiliza. Mmoja alifunga mlango nikiwa katikati ya sentensi. Mwanamke mmoja aliyezaa juzi alisema yeye alikuwa anaosha zile pakiti kwa maji ya kununua, mtoto mgongoni, kwa sababu mimi nilisema. Nilisimama tu pale mpaka akamaliza.

Lililoniumiza zaidi ni swali waliloniuliza karibu wote. Kama si zote, basi ni zipi? Nikaeleza nilichokumbuka cha Osewe, na kila nilipoeleza nilijisikia ninakisia. Je, mfuniko wa chupa unaenda na chupa? Mswaki? Pakiti ya mkate? Nimegundua nilikuwa mwalimu wa kitu nisichokijua hata nusu.

Mzee Ogola hakuwepo nyumbani. Au alikuwepo.

Jumatano, 7 Mei

Nilienda Gatina kwa mguu, bila mzigo. Osewe aliponiona mikono mitupu alizima mashine. Nilimwambia yote, hata la nyumba ya Haboba, hata kwamba nilimsingizia mwalimu wa semina. Kisha nikamwomba anifundishe vizuri.

Alivua ile miwani akaipangusa kwenye shati. Akaniambia mwaka wa kwanza wa biashara alikubali kila alicholetewa kwa sababu aliona haya kumrudisha mtu na gunia lake. Mzigo wa lori zima ulirudishwa. Alikaa nao mwaka, paka wakazalia ndani. "Ndiyo maana nikiona mtu ananiletea mchanganyiko nakuwa mkali," akasema. "Si wewe. Ni mimi najiona."

Kisha akanionyesha mahali pa kukaa, katikati ya wanawake wanne wanaomchambulia plastiki.

Jumamosi, 10 Mei

Siku nne Gatina. Vidole vimechanika.

Najua sasa mfuniko hutolewa, unaenda na ndoo na mitungi. Nageuza kitu, natafuta namba chini yake, ndani ya ile pembe tatu. Mbili, nne na tano Osewe anachukua. Moja inamsubiri yule mnunuzi wa chupa za soda. Tatu na sita hazitaki kabisa. Pasipo namba, nakunja, nakwaruza kwa ukucha, natupa kipande kwenye beseni la maji kuona kama kinaelea. Mswaki hapana. Pakiti ya mkate ndiyo, ikiwa haina karatasi wala mafuta. Vikombe vya yogati viwili vinafanana kabisa, kimoja kinachukuliwa na kingine hapana. Na haya yote ni ya Osewe wa Gatina, mwezi huu. Mwenyewe amesema mwezi ujao huenda yakabadilika, kwa hivyo nirudi kuuliza.

Jumatano, 14 Mei

Nimepita tena milango yote na kapu la vitu vyenyewe, niwaonyeshe badala ya kuwaambia. Hii ndiyo. Hii hapana, na sijui pa kuipeleka, pole. Waliokubali kuendelea ni nyumba kumi na tisa. Nzembi ni mmoja wao. Anasema sasa yeye ndiye atakuwa askari wangu pale kibandani.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kidogo. Nilienda kuangalia kalavati. Maji yanapita. Nimeenda tena saa kumi. Yanapita.

Jumatano, 21 Mei

Mzee Ogola ameleta mtungi mmoja wa lita tano, umeoshwa. Aliuweka chini, akasema, "Huu najua ni ndiyo," akaenda zake. Hakuniita mwalimu. Ilikuwa sawa.

Jumatano, 28 Mei

Haboba amerudi nyumbani. Alituma mtu aniite saa nne asubuhi. Nilivaa leso safi kama mtu anayeenda kortini.

Nyumba imepigwa chokaa mpya lakini mstari wa maji bado unaonekana ukutani. Alikuwa amekaa karibu na dirisha anasuka. Sumaya alikuwa anapanga ukindu uliotiwa rangi, akanisalimia bila kuniangalia. Tabaga zilizookoka ni tano, nne alizopakata na moja niliyoifikia mimi. Ameshasuka nyingine mbili. Harusi haikusogezwa. Atapeleka zitakazokuwepo.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Hakuniinua. Alinitazama kwa yale macho yake mpaka nikamaliza, kisha akaendelea kutazama.

"Ungeniambia," akasema. "Siku ile ya kwanza ungekuja, Haboba, nimekosea, sina pa kuyaweka. Ningekugombeza. Tungeyaweka ndani ya uwanja, tukafikiri. Kumbe uliniogopa kuliko ulivyoyaogopa maji?"

Nikasema ndiyo.

Akarudi kwenye kusuka kwake.

"Uwanja sikupi tena."

"Najua, Haboba."

"Utatafuta kwingine. Lakini plastiki za nyumba hii utazipitia mlangoni, kila Jumatano, kama za watu wengine."

Sumaya aliacha kupanga ukindu. Haboba alimwashiria, naye akaleta mfuko mdogo akauweka mbele yangu. Nilitoa kimoja kimoja nikiwa bado nimepiga magoti. Chupa ya mafuta ya nywele, ndiyo. Pakiti ya maziwa, ndiyo. Kikombe, nikakigeuza, sita, hapana.

Cha mwisho kilikuwa kichupa cha dawa yake ya nyonga, cha rangi ya kahawia. Hakina namba. Nilikikunja hakikukunjika wala kupasuka. Nilikikwaruza. Haboba alikuwa ameshusha kazi yake mapajani.

"Hicho je?"

"Sijui, Haboba."

Alininyooshea mkono nikampa kichupa, akakifunga mfuniko wake vizuri, akakirudisha kwenye kiganja changu.

"Basi kaulize. Ukijua uje uniambie, hata kama ni hapana."

Nimekifunga kwenye pindo la leso. Kesho asubuhi naenda Gatina.